Shabiki wa safari asiachwe abahatishe

Jumamosi ya Machi 8, 2025, Yanga na Simba zilikuwa zikutane Uwanja wa Benjamin Mkapa saa 1:15 usiku. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba ikatoa taarifa kwamba haitapeleka timu, kwa maelezo kuwa ilizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi ya mwisho. Siku yenyewe ya mchezo, Bodi ya Ligi ikatangaza kuuahirisha. Hapo mashabiki wa mikoani walikwishaingia Dar es Salaam, jezi mwilini na kiingilio kimelipwa. Dabi ikaja kupigwa Juni 25, Jumatano, siku ya kazi, na Yanga ikashinda 2-0.

Wiki nzima iliyofuata kuahirishwa kule, redio na vijiwe vilijaa hoja. Nani alifunga geti, kanuni inasemaje, pointi zigawiwe vipi, nani ajiuzulu. Mtu mmoja tu hakutajwa: yule aliyepanda basi Mwanza, akakata zaidi ya kilomita 1,000, akalala gesti ya Temeke, na asubuhi akasomewa na mwenzake kwenye simu kwamba hakuna mpira. Nauli ya kurudi ilikuwa juu yake. Ruhusa ya kazi alikwishaitumia. Na Jumatano ya Juni asingeweza kuiomba tena.

Mwezi mmoja kabla ya dabi hiyo ya Juni yalitokea mengine ya aina hiyo, safari hii kwa upande wa Simba. Fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Simba na RS Berkane ya Morocco iliyotazamiwa kuchezwa kwa Mkapa ilihamishiwa Amaan, Unguja, kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea. Ilipigwa Mei 25, 2025, ikaisha 1-1, na Berkane wakaondoka na kombe kwa mabao 2-0 ya mchezo wa kwanza. Kwa wachezaji kuhama kule ni dakika chache za ndege. Kwa shabiki wa Mbeya aliyekwishapanga kushuka Mbezi na kwenda moja kwa moja Temeke, ni safari mpya kabisa: boti, kitambulisho cha kukatia tiketi ya boti, malazi ya Unguja, na uwanja unaochukua takriban watu 15,000 badala ya 60,000. Watatu kati ya kila wanne ambao wangeingia kwa Mkapa hawakuwa na kiti hata kabla ya kufika bandarini.

Visa hivi viwili vinatosha kueleza kwa nini ushauri kwa shabiki anayesafiri haupaswi kuanzia kwenye jezi wala kwenye chakula. Unaanzia kwenye tarehe. Ratiba ya mpira wa Tanzania ni ahadi yenye tundu, na anayeisafiria anatakiwa aitendee hivyo. Asikate tiketi ya kurudi usiku uleule wa mchezo kama anaweza kulala. Asilipe gesti ya siku tatu kwa mkupuo. Na habari ya kuahirishwa au kuhamishwa aitafute kwenye kurasa rasmi za Bodi ya Ligi, TFF na klabu yake, maana kwenye makundi ya WhatsApp ya matawi mchezo huahirishwa mara tano kabla haujaahirishwa kweli.

Matawi yenyewe yanastahili sifa. Kwa miaka mingi ndiyo yamekuwa idara ya usafiri ya mpira huu bila mshahara wala ofisi. Katibu wa tawi ana daftari lake la mistari: jina, namba ya simu, aliyelipa nauli, aliyelipa kiingilio, anayedaiwa, na pembeni kwa kalamu nyekundu jina la yule ambaye safari iliyopita aliachwa Morogoro akinunua chipsi. Huyo katibu anajua dereva gani ana haraka ya hatari na yupi husimama kupumzika. Anajua mahali pa kuegesha. Anajua nani asikae karibu na nani. Maarifa hayo yote yamo kichwani mwake, na siku akiugua, Coaster nzima inafika Dar ikiuliza njia.

Barabara ndiyo sehemu ya hatari zaidi ya safari nzima, kuliko lango, kuliko majibizano ya jukwaani. Tangu marufuku ya mabasi kusafiri usiku ilipoondolewa mwaka 2023, imekuwa rahisi mno kutoka uwanjani saa 3 usiku na kuanza safari ya kilomita 800 palepale, na dereva ambaye mchana kutwa alikuwa jukwaani akiruka na wenzake ndiye huyohuyo anashika usukani. Tawi linalokodi gari likodi na dereva wa pili, au lilale. Mchango ukiongezeka kidogo kwa sababu hiyo, uongezeke.

Kwa anayetoka Dodoma au Morogoro mambo yamebadilika tangu treni ya umeme ianze kazi katikati ya mwaka 2024. Mwendo wa basi wa kutwa nzima sasa ni wa chini ya saa nne kwa treni ya haraka kutoka Dodoma. Kasoro ni kwamba ratiba ya treni haikupangwa kwa kuangalia ratiba ya ligi. Mchezo ulioanza saa 1 usiku unamalizika kuelekea saa 3, na kutoka Temeke hadi stesheni katikati ya jiji usiku wa dabi si safari ya dakika kumi. Aulize kwanza kama kuna treni baada ya hapo, ndipo akate ya kurudi.

Basi la mikoani humshusha mtu Mbezi Luis, kwenye Kituo cha Magufuli kilichofunguliwa Februari 2021. Mgeni anayeangalia ramani kwenye simu huona jiji moja na kudhani amefika. Hajafika. Mbezi iko magharibi kwenye Barabara ya Morogoro, na uwanja uko Temeke kusini, na kati yao kuna jiji lenye foleni inayojulikana nchi nzima. Siku ya mchezo mkubwa, anayeshuka Mbezi saa 8 mchana akitumaini kuingia uwanjani saa 10 anajidanganya. Anayekuja kwa ndege ana nafuu kubwa zaidi, kwani Barabara ya Nyerere inamleta mpaka Tazara, na kutoka pale uwanja hauko mbali. Wazambia wanaifahamu Tazara kwa sababu reli yao inaishia hapo.

Kwa mguu ndiyo njia ya kuaminika kwenye kipande cha mwisho. Barabara zinazouzunguka uwanja hujaa watu, polisi na mabasi ya mashabiki tangu mchana, na teksi ya kwenye simu itaganda mbele ya Chang'ombe huku bei ikipanda. Wenyeji hushuka mapema, wakitokea Keko, Mandela au Barabara ya Kilwa, wakamezwa na umati unaotembea. Hapo ndipo utamu wa siku unapoanzia kwa kweli. Vuvuzela, skafu zilizotandazwa chini, watoto wanaopakwa rangi usoni, mihogo ya kukaanga yenye chachandu, mishikaki, karanga za kupima kwa kikombe, na mzee mmoja au wawili waliovaa mavazi ya ajabu ambayo wameyaandaa mwezi mzima. Mgeni asile kwa haraka. Bei ni ileile ya mtaani kwa anayeuliza kwanza.

Rangi nayo ina sheria zake ambazo hazijaandikwa popote. Nyekundu na nyeupe ni za Simba, kijani na njano ni za Yanga, na majukwaa hugawanyika kama yamepigwa mstari. Utani ni wa kweli na ni mkali. Shabiki wa Simba ataitwa kolo, wa Yanga ataitwa utopolo, na wote wawili baada ya mchezo watapanda daladala moja kurudi Mbagala wakiendelea kutukanana kwa furaha. Mgeni asidhani kila kelele ni ugomvi. Lakini asijaribu kukaa upande usio wake akiwa na jezi ya upande wa pili ili apige picha, kwa sababu utani wa jukwaa la dabi una kikomo, na kikomo hicho hufika ghafla dakika bao linapoingia.

Kwa shabiki anayetoka nje ya nchi kuna jambo la kushangaza zaidi. Akija na timu yake kucheza na Simba, atakuta Watanzania kwa maelfu wamevaa jezi ya timu yake, wakiimba kwa ajili yake, wakijua majina ya wachezaji wake wa akiba. Hao ni Yanga. Akija kucheza na Yanga, atapokelewa hivyohivyo na Simba. Machi 2024, pale Al Ahly na Mamelodi Sundowns zilipokuja kucheza robo fainali za Ligi ya Mabingwa siku mbili mfululizo, Machi 29 na 30, aliyekuwa Waziri wa Michezo, Damas Ndumbaro, alisema anayetaka kuvaa jezi ya timu ngeni aonyeshe na pasipoti. Kauli ile ilizua mjadala mkubwa, wengine wakaichukua kama utani na wengine wakakasirika. Lolote alilokusudia, Mmisri au Msauzi halisi aliyesafiri wiki ile na jezi yake alipata sababu nzuri ya kutembea na pasipoti mfukoni. Nasaha ambayo, waziri au si waziri, ni ya kufuata.

"Kwa Mkapa hatoki mtu" ni kaulimbiu iliyokua pamoja na ushindi wa Simba wa mwaka 2021, Al Ahly wakifungwa 1-0 Februari na AS Vita ya Kinshasa wakifungwa 4-1 Aprili. Mgeni ataisoma kwenye mabango na huenda ikamtisha. Ajue tu kwamba Oktoba mwaka huohuo Jwaneng Galaxy ya Botswana iliingia pale ikiwa nyuma kwa mabao mawili, ikashinda 3-1, ikaitupa nje Simba kwa mabao ya ugenini. Walitoka, tena salama.

Suala la kiingilio ndilo linalomtesa mgeni kuliko lolote, na hapa lawama si yake hata kidogo. Tiketi za Mkapa zinapatikana kwa N-Card, kadi inayowekewa kiingilio na kugusishwa kwenye mashine langoni. Kwa mkazi wa Dar ni jambo jepesi: anayo kadi, analipa kwa simu, anaingia. Kwa mtu aliyetoka Lubumbashi au Bujumbura asubuhi ile, kila hatua ina ukuta. Hana laini ya Tanzania, na laini hiyo husajiliwa kwa alama za vidole na pasipoti. Hana pesa kwenye mtandao wa simu wa hapa. Kadi yenyewe hana. Kinachobaki ni ama wakala, kama atamwona, ama kijana mwenye kadi nne mkononi anayemnong'oneza bei karibu na ukuta wa uwanja.

Asinunue kwa huyo kijana. Kadi iliyokwishatumika haionyeshi kwa macho kwamba imetumika, na mashine ikikataa, muuzaji amekwishahama geti. Njia salama ni kufika Dar siku moja kabla, kununua kadi kwa wakala mchana wa jua kali wakati hakuna foleni, na kuhakikisha kiingilio kimeingia kabla ya kulala. Njia bora zaidi, ambayo haimo mikononi mwake, ni klabu mwenyeji kutenga sehemu ya tiketi za wageni, kuzikabidhi kwa klabu yao na kutangaza lango lao. Mpira unaochezwa kwa wiki mbili kwa mfumo wa nyumbani na ugenini hauwezi kushangazwa kila mara na ukweli kwamba ugenini kuna watu.

Majukwaa ya Mkapa yana majina yake. Mzunguko ndio wa bei ya chini, na kwa mtu aliyekuja kuimba ndipo mahali pake. VIP A, B na C ziko juu kwa bei na zimepoa kwa kelele. Anayesafiri na watoto au wazazi asione aibu kulipia zaidi, si kwa ajili ya kiti, bali kwa ajili ya lango, kwa sababu foleni za VIP hazifanani na zile za mzunguko.

Na lango ndilo linaloua. Mei 28, 2023, Yanga ilipoikaribisha USM Alger katika fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho, msongamano uwanjani hapo ulisababisha kifo cha mtu mmoja na wengine wapatao 30 kujeruhiwa. Yanga ilipoteza 2-1 siku hiyo, ikaenda kushinda 1-0 Algiers Juni 3 na kulikosa kombe kwa bao la ugenini, na historia ya soka inakumbuka zaidi hesabu hiyo ya mabao kuliko yule shabiki. Namna msongamano unavyozaliwa si siri. Wenye tiketi na wasio na tiketi husimama kwenye foleni moja, wasio na tiketi hawana haraka ya kuondoka, wenye tiketi wana haraka ya kuingia, kisha kelele za timu kuingia uwanjani hupasuka ndani na walio nyuma husukuma. Walio mbele hawana pa kwenda.

Anayetaka kuepuka hilo ana silaha moja tu, nayo ni muda. Aingie saa tatu kabla ya mchezo. Akikuta geti limefurika, asijiunge nyuma ya umati. Asogee pembeni akae hata kama atakosa dakika 20 za mwanzo. Kundi likubaliane mapema mahali pa kukutana baadaye, nje, mbali na lango, kwa sababu simu hukosa mtandao pale watu 60,000 wanapopiga kwa wakati mmoja.

Kenya nayo ilipata somo lake Agosti 2025, wakati wa CHAN. Mashabiki wasio na tiketi walivunja ulinzi Kasarani, na CAF ikapunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa uwanjani na kuagiza tiketi za kielektroniki pekee. Walioumia kwa uamuzi huo ni Wakenya waliokuwa tayari kulipa. Simba ilikwishapita njia hiyohiyo. Desemba 15, 2024, baada ya bao la dakika za nyongeza kuipa ushindi wa 2-1 dhidi ya CS Sfaxien ya Tunisia, vurugu zilizuka kwa Mkapa na viti zaidi ya 200 viling'olewa. CAF ikaadhibu: Januari 19, 2025, Simba ilicheza na CS Constantine ya Algeria mbele ya viti vitupu. Wale waliokuwa wameanza kuchangishana nauli kutoka Arusha na Songea kwa ajili ya mchezo huo hawakurusha kiti hata kimoja.

Wageni wa nje wana orodha yao ndogo ambayo ubalozi hauwaelezi kwa lugha ya mpira. Lubumbashi, Bujumbura, Kigali na Lusaka ziko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Asiyegeuza saa yake atafika kipindi cha pili kikikaribia. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huulizwa mpakani na uwanja wa ndege kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na Kongo, Kenya na Uganda zimo. Pesa ndiyo inayowakwaza Wakongomani zaidi, kwa sababu wamezoea dola kutumika dukani kama franga. Tangu Machi 2025 Tanzania imepiga marufuku kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Gesti inayodai dola inavunja kanuni, na mgeni anayelipa dola pia. Abadilishe benki au kwenye duka lenye leseni, achukue risiti, na atembee na noti ndogondogo, kwa sababu muuza maji wa nje ya uwanja hana chenji ya elfu kumi hata akikuapia kwamba anayo.

Baada ya kipyenga cha mwisho, kosa la wengi ni kukimbilia nje. Saa ile bodaboda hutaja bei inayomfanya mtu acheke, na barabara haiendi. Temeke na Tandika zina vibanda vya chipsi na supu vilivyo wazi mpaka usiku, na dakika 60 zinazotumika kula na kuzozana kuhusu mwamuzi humrudishia mtu nusu ya nauli. Usiku huo ndiyo pia wakati wa wezi wa simu. Simu ikae mfuko wa mbele, na jezi ya mshindi, kama mtu yuko peke yake katika mtaa asioujua, inaweza kufunikwa na koti bila kuvunja imani.

Hayo yote shabiki anaweza kuyafanya mwenyewe. Swali ni kwa nini ayagundue mwenyewe, kwa bahati, au kwa kumfahamu katibu wa tawi. Ulaya walichelewa nao, lakini waliamua. Tangu msimu wa 2012/13 UEFA inaitaka kila klabu inayopewa leseni kuwa na ofisa wa kuwasiliana na mashabiki, mtu mwenye jina na simu anayezungumza na mwenzake wa klabu pinzani kabla ya kila safari: wanakuja wangapi, wataegesha wapi, lango lipi, ngoma zinaruhusiwa au la. England, klabu za Ligi Kuu zilikubaliana mwaka 2016 kwamba kiingilio cha shabiki mgeni kisizidi pauni 30, baada ya mashabiki wenyewe kupiga kelele kwa miaka. Hapa kuna wasemaji wa klabu, na ni hodari kweli, lakini kazi yao ni kuchochea dabi na kuuza jezi. Hakuna anayelipwa kumjibu mtu wa Bukoba anayeuliza geti gani lina njia ya baiskeli ya mlemavu.

Mwaka 2027 unakuja na AFCON ya Kenya, Tanzania na Uganda, zilizopewa uenyeji Septemba 27, 2023. Kuna viwanja vipya, Talanta ulio Nairobi, ule wa Arusha uliopewa jina la Rais Samia, na wa Hoima magharibi mwa Uganda. Zege limezungumzwa vya kutosha. Kilichozungumzwa kidogo ni mtu atakayetaka kuangalia mchezo Nairobi Jumanne na mwingine Arusha Ijumaa. Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Mpakani Namanga atatakiwa kuwa na pasipoti au hati ya muda. Elfu kadhaa ya watu wakiligundua hilo asubuhi ya mchezo, foleni ya Namanga itafanana na ya mzunguko. Morocco, kwenye AFCON ya Desemba 2025, ilimtaka kila shabiki ajisajili mapema kwa kitambulisho cha shabiki kupitia programu ya simu. Mfumo kama huo una kero zake, hasa kwa wasio na simu janja, ila angalau ulimlazimisha mwenyeji kujua nani anakuja.

TFF na Bodi ya Ligi hazihitaji kusubiri 2027. Kanuni za msimu ujao zinaweza kubeba mambo mawili bila kugharimu chochote kikubwa. La kwanza, mchezo ukiahirishwa ndani ya saa 48, kiingilio kirudishwe chote bila mtu kuandika barua, na klabu iliyosababisha iwalipe nauli wenye tiketi waliosajili safari kupitia matawi yao. La pili, kila klabu iandike ukurasa mmoja wa mgeni: lango, maegesho, bei, wakala wa kadi aliye karibu, namba ya simu inayopokelewa siku ya mchezo, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa na Kiarabu pale CAF inapohusika. Ukurasa huo ubandikwe Mbezi, bandarini Malindi, Unguja, na Namanga, na utumwe kwa katibu wa kila tawi wiki moja kabla ya mchezo.